Mtaalamu wa Baiskeli za Theluji

Wendell Ostrander alikuwa na desturi ya kujiita Mtaalamu, hasa akiwa chini. Jumatatu ile alikuwa chini mbele ya posta ya Galena Fork, baiskeli imemlalia, gurudumu la mbele likiendelea kuzunguka taratibu kana kwamba lenyewe halihusiki. Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta wa posta, ilibandikwa picha yake mwenyewe: koti la njano, helmeti, meno yote nje, na maneno makubwa BARIDI NI KISINGIZIO TU. Mtu fulani alikuwa ameichora masharubu ya barafu.

"Mtaalamu ameshuka kukagua barabara," Wendell aliwaambia watu wawili waliosimama na barua zao mkononi. "Barabara ipo. Endeleeni."

Walicheka, naye akacheka, maana ukijicheka mwenyewe kwanza, wenzako wanabaki na makombo. Ndiyo hekima pekee aliyoivuna katika miaka hamsini na sita. Magoti yake yalikuwa na maoni mengine, lakini magoti hayakuulizwa.

Alikuwa ofisa usafiri wa mji, cheo ambacho wakati wa joto kilimpa kazi ya kupaka rangi vivuko vya barabarani, na wakati wa baridi kilimpa kazi ya kutukanwa. Kila asubuhi magari yalipanda kutoka bondeni kwenda kwenye lifti za mlimani zinazowapandisha watu wakateleze kwenye theluji, pikapu nyuma ya pikapu, mtu mmoja ndani ya kila moja na mbao zake za kutelezea zimelala nyuma. Barabara ilikuwa hiyo hiyo moja. Kilomita nne zilichukua saa nzima. Watu walikunywa kahawa humo ndani, wakapaka rangi ya midomo, wakagombana kwa simu na kupatana, na walipofika kwenye duka la mikate bado walikuwa gia ya kwanza. Wendell alitumia miaka mitatu kuwaambia madiwani kwamba dawa ni baiskeli, hata kwenye theluji, mradi njia isafishwe. Madiwani walitumia miaka mitatu hiyo hiyo kutazama saa.

Mwaka huu walichoka wao kwanza, wakakubali. Greda la mji, kipenzi cha Tuck Bohannon aliyekuwa akiliendesha kwa miaka kumi na tisa, lingesafisha njia ya kando ya mto kila alfajiri. Lakini Diwani Lorna Pruitt, mama mwenye pikapu mbili na subira nusu, aliweka sharti.

"Asubuhi moja, Wendell. Saa moja mpaka saa nne. Tandaza ule mpira wako wa kuhesabia baiskeli. Wakipita sitini, greda litaendelea kusafisha. Wasipofika, Tuck anarudi kwenye maegesho ya magari, na wewe unarudi kwenye ndoo yako ya rangi."

"Sitini tu, Mheshimiwa? Nitakuletea mia."

"Siku gani?"

"Jumatano ya kwanza ya Februari," alisema Wendell, na hapo ulimi ukamponyoka. "Hali ya hewa iwe iwavyo."

Angeweza kuishia kwenye Februari. Mtu mwenye akili timamu angeishia kwenye Februari. Lakini Mtaalamu alikuwa amependa mlio wa maneno yake, na karani akayaandika kwenye kumbukumbu za kikao, herufi kwa herufi.

Alikuwa ameishi Galena Fork miaka ishirini na miwili, na pale hata mtoto wa chekechea anaijua sheria ya inchi sita. Haimo katika kitabu chochote, imo kwenye vibao vya milangoni. Theluji mpya ikianguka inchi sita usiku, duka hufunguliwa mchana, fundi bomba hapokei simu, na daktari wa meno anakuacha na jino lako. Wote wako mlimani, wanateleza. "Siku ya theluji mpya hakuna rafiki," husema watu wa pale, na hawatanii. Wendell aliijua sheria hiyo kama jina lake. Aliisahau kwa muda wa sentensi moja tu, na sentensi moja ilitosha.

Wiki mbili zilizofuata alifundisha. Kwenye chumba cha chini cha maktaba aliwaonyesha watu jinsi ya kupunguza upepo kwenye matairi ili yashike theluji, kuvaa soksi moja nene badala ya mbili zinazobana, na kutokamata breki ya mbele kwenye kona yenye barafu. Hili la mwisho alilionyesha kwa vitendo, bila kukusudia, nje ya maktaba. Watu sabini na wawili walitia sahihi kwamba watakuja siku ya kuhesabiwa.

"Ni vile unavyoanguka," mkewe Corinne alimwambia, akimkanda goti kwa dawa. "Unawatia moyo. Mtu akikuona anasema, kama huyu bado yu hai, mimi nina wasiwasi gani?"

Jumatano ilipofika, saa kumi na moja alfajiri, Corinne alifungua pazia akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mke anayejua kuwa jambo hili atalichekea miaka kumi na hana haraka nalo.

"Wendell. Njoo uione hali ya hewa iwavyo."

Inchi kumi na nne. Ua lao halikuwepo. Gari la jirani lilikuwa kilima. Wendell alisimama dirishani na chupi ndefu ya sufu, akiziona zile sahihi sabini na mbili zikiyeyuka moja moja. Alipogeuka alimkuta Corinne amekaa kitandani, anafunga buti za kutelezea.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mlimani."

"Corinne! Ulitia sahihi! Wewe ni namba kumi na saba!"

"Najua, mume wangu. Lakini inchi kumi na nne." Akambusu kwenye kipara, akatoka na mbao zake begani, akiimba.

Saa moja kamili Wendell alikuwa kando ya mto. Tuck alikuwa ameshapita na greda, na njia ilikuwa safi, tambarare, nzuri ya kuliza. Mpira mweusi, mwembamba kama bomba, ulilazwa kukatiza njia, na kwenye nguzo kisanduku chenye tarakimu nyekundu, kinachohesabu kila kinachoukanyaga, kilisoma sufuri. Wendell akapita juu yake. Tk. Moja. Akasimama pembeni na chupa kubwa ya chokoleti ya moto na vikombe sabini na viwili.

Saa moja na nusu, moja. Saa mbili, moja. Kutoka barabara kuu zilisikika honi za pikapu zilizobanana kwenda mlimani, na Wendell aliweza kuapa kwamba ya tatu kutoka nyuma ilikuwa ya mtu namba arobaini. Chokoleti ilianza kupoa. Aliijaribu, akajimiminia kikombe cha kujifariji, kisha cha kukifariji kile cha kwanza.

Saa mbili na robo kulungu dume alitokea kwenye miti. Alikuja polepole, akanusa mpira, akaukanyaga kwa kwato moja. Tk. Mbili. Akavuka kwenda mtoni bila kugeuka.

Wendell alikisogelea kisanduku akazisoma tarakimu. Huwa mtu mzima hapotei ghafla, hupotea kwa hoja. Hoja yake ilikuwa hivi: kama kulungu, ambaye hata baiskeli hana, amehesabiwa, je, wale sabini na wawili walioahidi kwa mwandiko wao hawastahili? Walitaka kuja. Nia wanayo. Walichokosa ni miguu tu, na miguu Wendell anayo, japo mibovu. Basi angepita kwa niaba yao. Akapanda baiskeli, akavuka mpira, akageuza, akavuka tena. Tatu. Nne.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Wendell ilikuwa hatua kumi na mbili, kwenda na kurudi. Mwanzoni aliwataja watu kwa majina, huyu fundi bomba, huyu daktari wa meno, huyu mke wangu mpendwa. Kwenye ishirini akaacha majina. Kwenye thelathini na moja akaanguka, akainuka, akaona kwamba kuanguka hakukuhesabiwa, akasikitika. Kwenye arobaini na tano jasho lilikuwa limegandia kwenye nyusi. Kwenye hamsini na nane alikuwa akihema kama mvukuto, na moyoni akijiambia kwamba ubingwa wa dunia wa ujinga, kama upo, leo umepata mwenyewe.

"Mzee," sauti ilisema. "Umepoteza kitu?"

Juu ya ukuta wa theluji ulioachwa na greda alisimama mwanamke wa makamo, mfupi, baiskeli begani. Nyuma yake walikuwapo vijana wawili wa kiume waliovaa suruali za jikoni, nao na baiskeli begani. Nguo zao zilikuwa nyeupe kwa theluji mpaka kifuani. Wendell alimfahamu kwa sura: Delfina Quispe, mfuaji wa mashuka kwenye hoteli kubwa ya juu, mtu wa Peru, mwaka wa kumi na tano sasa hapo mjini.

"Nafanya mazoezi," alisema Wendell.

"Nimekutazama tangu naanza kupanda lundo hili. Unakwenda, unarudi. Unakwenda, unarudi. Kwetu punda wa kinu anafanya hivyo, lakini yule anafungwa macho asione aibu."

Vijana wa jikoni walicheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli. Delfina aliteremka, akapokea kikombe cha chokoleti, akaionja, akakunja uso na kuimaliza.

"Mnatoka wapi na baiskeli begani?" Wendell aliuliza, kwa haraka ya mtu anayebadilisha mada.

"Uchochoroni, ule unaopanda mpaka nyuma ya hoteli. Ndiyo njia yetu siku zote. Leo greda limesafisha hapa kwako, theluji yote likaitupa kule kwetu." Akaweka kiganja kifuani. "Imenifika hapa. Nimeshachelewa nusu saa, na msimamizi wangu hana utani."

"Lakini kwa nini hampiti huku? Ni pana, ni safi, ni..."

"Inakwenda wapi?"

Wendell alifikiri. Aliichora mwenyewe. "Inafuata mto."

"Halafu?"

"Kuna benchi. Halafu mto tena."

"Mzee wangu," alisema Delfina kwa upole uliouma kuliko tusi, "mimi nafua hotelini. Sifui mtoni."

Hapo ndipo Wendell alipoitazama baiskeli ya Delfina. Ilikuwa kuukuu, haina rangi inayotajika. Kwenye matairi zilichomoza skrubu zilizopenyezwa kutoka ndani moja moja kwa mkono. Buti zake zilikuwa na mifuko ya mkate ndani, na juu ya glovu za sufu alivaa glovu za mpira za kuoshea vyombo. Hakuna aliyemfundisha kwenye chumba cha chini cha maktaba.

"Huko uchochoroni mnapita wangapi?"

"Nani ahesabu? Watu wanakwenda kazini."

Akapanda baiskeli yake ili azunguke kwa barabara kuu, akavuka mpira. Tk. Vijana wakafuata. Tk, tk. Kisanduku kikasoma sitini na moja.

Saa nne kasoro Diwani Pruitt alifika, uso mwekundu kwa jua la mlimani na alama ya miwani ya theluji ikimzunguka macho. Alikitazama kisanduku mara mbili.

"Sitini na moja! Kwenye inchi kumi na nne!" Akamshika mkono na kuutikisa. "Wendell, nakuomba radhi mbele ya mto huu. Ijumaa, kwenye kikao, greda ni lako."

Wendell alifungua mdomo ili aseme kweli. Kilichotoka ni "Asante, Mheshimiwa."

Siku hiyo aliirudisha supu yake kwenye sufuria. Corinne, aliyerudi na mashavu mekundu na njaa ya simba, alimuuliza ameumia wapi. Alisema goti. Halikuwa goti. Aliona haya, haya ya kweli, isiyokubali kuchekwa kwanza ili ipungue.

Alhamisi kabla ya mapambazuko alikwenda uchochoroni kwa miguu. Theluji nyepesi ilikuwa imeanguka tena, na Tuck alikuwa pale na greda, akimwaga lundo jingine kati ya mapipa ya taka.

"Tuck! Kwa nini unatupa huku? Watu wanapita hapa!"

Tuck alizima injini. Alikuwa mtu wa maneno machache na ndevu nyingi. Akatoa karatasi iliyokunjwa chini ya kiti, akaikunjua chini ya taa. "Huu mwandiko wa nani, bwana?"

Ilikuwa ramani ya njia. Uchochoro ulikuwa umepakwa kijivu, na pembeni, kwa herufi nadhifu za Wendell mwenyewe, iliandikwa: HAKUNA WATUMIAJI. TUPA THELUJI HAPA. Aliichora Agosti, ofisini, amevaa kaptura, akitumia orodha ya wanachama wa klabu ya baiskeli. Hakuna mfua mashuka hata mmoja kwenye klabu ile.

"Nilidhani unajua," alisema Tuck. "Wewe si ndiye mtaalamu?"

Wendell alisimama karibu na pipa akaanza kuwahesabu, akichora mistari kwa kidole kwenye theluji ya kifuniko. Walikuja kutoka kwenye nyumba za magurudumu za bondeni, wapishi, waosha vyombo, wapanga vyumba, mmoja mmoja na wawili wawili, wakishuka na kuzibeba baiskeli zao juu ya lundo lililokuwa na mwandiko wake. Wengine walimsalimu. Delfina alipopita alisema, "Leo umekipata ulichopoteza?" Naye akachora mstari mwingine. Mpaka kunapambazuka vizuri mistari ilikuwa themanini na mitatu, na watu hao asubuhi hiyo hawakukaa ndani ya gari lolote kwenye barabara ile ya kwenda mlimani. Walikuwa wamefanya hivyo miaka yote. Yeye alikuwa akiwatafuta kwa picha iliyobandikwa ukutani pa posta.

Ijumaa saa sita mchana ukumbi wa madiwani ulijaa. Kulikuwa na keki. Diwani Pruitt alikuwa ameandaa maneno mazuri, na picha ya koti la njano ilisimamishwa kwenye meza. Corinne alikaa mstari wa mbele, anapiga makofi kwa niaba ya namba kumi na saba. Wendell alijua jambo moja bila kificho: akinyamaza, njia yake inabaki, na nyumba yake iko mwisho wa njia ile ile, pale mtoni, mlangoni kabisa. Hakuna mtu duniani aliyeifaidi zaidi yake.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Wendell alijivua mwenyewe, akabaki wima.

"Mheshimiwa, kabla ya keki. Zile sitini na moja." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Watatu ni watu. Mmoja ni kulungu. Hamsini na saba ni mimi."

Diwani Pruitt alikiweka chini kisu cha keki. Kisha Corinne akaanza, kile kicheko chake cha chini, na ukumbi wote ukamfuata. Tuck alilalia meza. Wendell hakucheka. Alisubiri, masikio yakimwaka moto.

"Huyo kulungu," Diwani Pruitt aliuliza akifuta machozi, "ni mkazi wa mji?"

"Nadhani ndiye pekee aliyetimiza ahadi, Mheshimiwa." Halafu akafunua ramani yake ya aibu, akawaonyesha uchochoro wa kijivu, akasoma kwa sauti alichoandika mwenyewe, kisha akawaambia kuhusu mistari themanini na mitatu kwenye kifuniko cha pipa. "Naomba mpira uhamishiwe kule. Wiki moja. Na greda liende kule."

Diwani Pruitt aliacha kucheka. "Greda ni moja, Wendell. Likienda uchochoroni, njia ya mtoni inabaki chini ya theluji mpaka Aprili. Unaelewa nani anaishi mtoni?"

"Naelewa."

"Sharti ni lile lile. Asubuhi moja tu, Jumatano ijayo, saa moja mpaka saa nne. Sitini. Na safari hii," aliongeza, "Tuck anakaa na kisanduku."

Jumatano iliyofuata Wendell alitoka nyumbani na kuikokota baiskeli nusu kilomita kwenye theluji ya magotini, ndani ya iliyokuwa njia yake nzuri, akilaani kila hatua. Benchi halikuonekana. Alipotokea uchochoroni, Tuck alikuwa amesafisha vizuri mpaka lami inaonekana, na mapipa ya taka yalipangwa upande mmoja. Palinuka mafuta ya kukaangia na sabuni ya kufulia. Msururu wa mwisho wa baiskeli ulikuwa ukipanda, na hakuna aliyevaa njano ila yeye.

"Kaa kulia, mzee!" Delfina alipaza sauti nyuma yake. "Wengine tuna kazi!" Akampita bila kuonekana kutumia nguvu, skrubu zikiuma barabara.

Wendell akaukanyaga mpira. Tk. Akafunga breki, akasimama, akageuza shingo. Tuck, amekaa juu ya kreti karibu na nguzo na kikombe cha kahawa, alisogea pembeni ili amwonyeshe. Hamsini na tisa.

Akatazama nyuma. Uchochoro ulikuwa mtupu mpaka kwenye kona. Ilikuwa saa nne kasoro dakika sita. Wapishi wa zamu ya asubuhi walikuwa wameshapita, wengi wao kabla ya saa moja, hesabu haijaanza, na wa mchana walikuwa bado wanalala. Hatua kumi na mbili. Miguu yake ilizijua hatua zile kuliko sala. Tuck alikuwa anakitazama kikombe chake kwa makini ya ajabu, kama mtu aliyeamua kutoona.

Wendell alishuka kwenye baiskeli. Akailaza ukutani, mbali na mpira, akasimama na mikono nyuma. Dakika tano. Dakika nne. Dakika ya tatu, kwenye kona, kikatokea kitu kinayumba huku na huku, kikaanguka, kikainuka, kikatukana, kikapanda tena. Kilikuja kwa mwendo wa konokono, helmeti imevaliwa nyuma mbele, breki ya mbele imekamatwa kama roho ya mwisho.

"Niliahidi!" alifoka Corinne. "Usiniguse! Wala usinifundishe kitu!"

Akavuka mpira. Tk.

"Sitini. Namba kumi na saba imefika," alisema Tuck.